Kabati la Bi Asmahani na Springi za Fuso

Mama yangu, Bi Asmahani, anapenda vitu viwili hapa duniani: mdogo wangu Zuwena na kabati lake la vioo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, naitwa Hasina, na nafasi yangu naijua, niko nyuma kidogo ya kabati. Sina kinyongo. Nimekulia katika nyumba ile ya Chumbageni nikilifuta vumbi kila Ijumaa, kwa nje tu, maana kulifungua ni mpaka Mama mwenyewe awepo na ufunguo wake shingoni.

Zuwena alipochumbiwa na Tahiri wa Kigombe, Mama alitoa tamko. Kabati linakwenda na Zuwena, na lifike zima.

"Kioo kimoja kikipata ufa," alisema, "mimi harusini sikanyagi. Nitalala kitandani mwangu hapa hapa, mkaozeshane wenyewe."

Mtu asiyemjua angecheka. Sisi hatukucheka. Harusi ya binamu yetu mmoja Mama aliimalizia kitandani, shuka mpaka kidevuni, kwa sababu ya pazia tu. Zuwena akashinda analia. Aliniambia, "Dada, mimi bila Mama kuwa mbele yangu siolewi. Bora nirudishe pete." Basi mambo yakawa hivyo: Zuwena kwa Mama, Mama kwa kabati, na kabati likawa mikononi mwa mume wangu, Sabiri, kwa kuwa katika ukoo wetu yeye peke yake ndiye mwenye gari la mizigo.

Gari lenyewe ni pikapu nyeupe, ya zamani, iliyonyooka. Mama alikuja kuiangalia. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Hii?" akasema. "Hii ukiweka sufuria tu inakaa chini kama kuku anayetaga."

"Shikamoo, Mama," Sabiri akasema.

"Marahaba. Kabati langu halipandi kuku, Sabiri."

Sabiri akacheka kile kicheko cha mkwe, mdomo umefungwa. Mama alipoondoka tu, akachukua funguo akaelekea gereji. Nikapanda pembeni yake bila kuitwa, maana kicheko kile nakijua.

Gereji ilikuwa Usagara, ya fundi mmoja Msambaa anayeitwa Ernesti, mtu mpole, kazi yake ni springi tu, kitu kingine hagusi. Kwa asiyejua, springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, vimelaliana kimoja juu ya kingine, vimebanwa kwa yubolti, vyuma vya umbo la U. Mzigo ukiingia vinanyooka. Mzigo ukitoka vinarudi juu. Huko kurudi juu ndiko kulikotutoa jasho.

"Unataka kubeba nini, Bwana Sabiri?" fundi akauliza. Alikuwa na chaki, kila jibu analiandika kwenye tairi.

"Mzigo mzito."

"Kilo ngapi?"

Sabiri akanitazama mimi, kisha akawatazama wanaume watano waliokaa kwenye benchi wakisubiri magari yao. Wote walikuwa wamenyamaza wasikie.

"Tani moja na nusu," akasema.

Nikamvuta shati. "Baba Mwajuma, si ni kabati tu?"

"Kabati na mengineyo."

"Mengineyo gani? Dresingtebo na masanduku mawili?"

"Hasina, haya ni mambo ya gari."

Nikaachia shati. Miaka saba ya ndoa imenifunza maneno gani yanaingia na maneno gani yanagonga na kurudi. Fundi akaandika tani moja na nusu kwenye tairi, akaitazama muda mrefu.

"Nitaongeza vyuma vitatu vya lori la Fuso kila upande," akasema. "Hapo hata ukipakia nyumba haiinami. Lakini nakwambia mapema, siku ikiwa tupu itakutesa."

"Haitakuwa tupu."

Kazi ilichukua siku nzima. Jeki ilipoteremshwa, mbele ikashuka kama kawaida, lakini nyuma ikabaki kule kule juu. Pikapu ikawa imeinamisha pua chini kama mtu aliyeangusha sindano. Mmoja wa wale wa kwenye benchi akainuka, akaitazama, akatazama na jua.

"Yakhe, gari yako imesujudu," akamwambia Sabiri. "Ila kibla siko huko, igeuze."

Sabiri hakujali. Aliizunguka kwa furaha, akaipiga teke nyuma, mguu ukamuuma, akazidi kufurahi.

Kurudi nyumbani ndipo tulipoijua. Kila tuta lililopo kati ya Usagara na Chumbageni nililihesabu kwa utosi. Nilikuwa nimeweka ndoo tupu nyuma. Tuta la kwanza ndoo ikaruka ikaanguka barabarani, tukasimama tukaiokota. Tuta la pili ikaruka tena, ikaangukia kwenye genge la mama anayeuza nyanya. Tuta la tatu hatukusimama, tulimwachia aliyeiokota.

"Sasa hiyo ndoo ndiyo kabati," nikasema.

Sabiri alikaza usukani. Kofia yake ilikuwa imeshamfunika macho.

Asubuhi yake, Alhamisi, tukarudi gereji kumwomba fundi avitoe vile vyuma. Fundi hayupo. Kaenda Lushoto kwenye kipaimara cha binti yake, mpaka Jumatatu. Vyombo vya Zuwena vinaondoka Jumamosi, kabla ya harusi. Tukamwomba fundi jirani, akachungulia chini ya gari kisha akajifuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mkono wa Ernesti mimi siutengui," akasema. "Akirudi tutakosana bure. Nyinyi pakieni uzito, italainika."

Neno hilo Sabiri akalishika kwa mikono miwili. Jioni akaja kwa Mama na viroba kumi vya mchanga nyuma ya pikapu, na kweli gari lilikuwa linatembea vizuri, limetulia. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nini hicho?"

"Mchanga, Mama. Wa kutuliza gari."

Mama akaweka ungo chini. "Binti yangu anapelekwa kwa mumewe na mchanga? Anaolewa au anazikwa?"

Sabiri akaushusha mchanga. Kesho yake mapema akaja na matofali. Mama akasema wakwe wataona tumewaambia kijana wao hana nyumba. Akabadilisha, akaleta mapipa ya maji. Hayo nayo yakawa ni kusema Kigombe hakuna kisima. Akapendekeza magunia ya mchele, kwa unyonge kabisa, na Mama akamwuliza kama anataka ijulikane kuwa Zuwena ni mlaji.

Naomba nieleweke, Mama hakuwa na wazimu. Kwetu gari la vyombo linasomwa. Likifika, shangazi za bwana harusi wanasimama mlangoni na kila kinachoshushwa wanakitolea tafsiri, na tafsiri hiyo utaisikia kwa miaka ishirini. Kuna mwanamke hapa mtaani alipelekewa mifagio miwili badala ya mmoja, mpaka leo mawifi zake wanamwita mchafu.

Sabiri akakaa chini kwenye ngazi. "Basi kitu gani kizito kinapanda gari la vyombo bila kuwa na maana yoyote?"

Nilikuwa nimekaa pembeni tangu asubuhi, nafikiri hilo hilo.

"Watu," nikasema. "Wanawake. Vyombo siku zote vinasindikizwa."

Wote wawili wakanigeukia.

Sasa mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimekaa kwenye mikeka ya maulidi na ya misiba tangu mdogo, na macho yangu hayalali. Mtu akiinuka, wengine wanamwangalia nguo. Mimi naangalia mkeka. Najua mkeka gani unarudi upesi na upi unabaki umelala mpaka kesho. Kwa hiyo sikuhitaji mizani. Nikachagua watano, wa kwanza wao Shangazi Mwanakombo, dada wa marehemu baba, ambaye akikaa kwenye kochi aliyeko upande wa pili anainuka kidogo. Wa pili, jirani yetu Mama Leticia, Mkatoliki, ambaye kanisani kwao ana benchi lake. Watatu waliobaki ni mashoga wa Mama kutoka mtaa wa nyuma, na sitawataja kwa sababu wanasoma.

Kazi ilikuwa kuwaambia. Nikaenda kwa Shangazi Mwanakombo, nikapiga magoti.

"Shangazi, Mama anaomba watu wa heshima wakae na kabati kwenye pikapu. Wengine wote watapanda Coaster."

"Watu gani hao wengine wa heshima?"

Nikawataja. Shangazi akaweka kikombe chini. Akatazama dari, nikaona anawapanga mmoja mmoja kichwani. Halafu akajitazama mwenyewe.

"Hasina."

"Labeka, Shangazi."

"Watu wa heshima wa mji huu wote ni wanene?"

"Imetokea tu, Shangazi."

Alicheka mpaka kikombe cha chai kikatembea mezani. "Nitakaa," akasema. "Ila nakaa na mto."

Aliyeleta taabu ni Ritha, jirani mwingine, mwembamba kama uzi wa taa, ambaye alitaka kwa nguvu zote kupanda pikapu apige picha za video na simu yake. Nikamwambia nafasi zimejaa. Akaniambia, "Mimi nachukua nafasi gani, Hasina, si nakaa hata kwenye ukingo?" Ningemwelezaje kuwa hilo ndilo tatizo lenyewe.

Jumamosi asubuhi tukapakia. Kabati lilisimama limeegemea kibanda cha dereva, limefungwa kwa kamba na magodoro. Fundi Ernesti tulimpigia simu Lushoto, kwaya inaimba nyuma yake, akasema mzigo ukae mwishoni, nyuma kidogo ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Basi tukatandika mikeka mwishoni. Akapanda Mama Leticia, gari likashuka kidole kimoja. Wakapanda mashoga watatu, likashuka kiganja. Alipopanda Shangazi na mto wake, pikapu ikatoa sauti ya mtu aliyevua viatu baada ya safari, ikakaa sawasawa.

Barabara ya Pangani ina sehemu nzuri na sehemu za kumwomba Mungu. Zote tulizipita kama tumelala kitandani. Nyuma wanawake wanaimba, wanapiga vigelegele. Mbele tulikuwa watatu, Sabiri, Mama katikati, na mimi mlangoni. Tulipopita Tongoni, Mama akasema, akiangalia mbele, "Gari inatembea."

Sabiri aliyumbisha usukani kidogo. Katika miaka saba hiyo ilikuwa sifa yake ya kwanza.

Mbele kidogo Mama Leticia akagonga kioo, tukasimama. Alitaka kushuka kwenda vichakani mara moja. Akaweka mguu chini, nyuma ya gari ikapanda, na ndani ya kabati kitu kikalia, ting. Sote tukakisikia. Mama akafumba macho.

"Rudi juu, shoga," Shangazi Mwanakombo akamwambia taratibu. "Vumilia mpaka Kigombe."

Mama Leticia akarudi juu. Mama akafumbua macho. Wakaendelea kuimba, ila Mama Leticia aliimba kwa sauti nyembamba.

Kigombe tulipokelewa kwa ngoma. Coaster ilikuwa imetangulia, watu wamejaa uwanjani, shangazi za Tahiri wamepanga mstari mlangoni. Akatoka mjomba wake, Mzee Sadalla, kanzu nyeupe, bakora mkononi.

"Karibuni, karibuni sana. Shukeni."

Wanawake watano hawakusogea.

"Karibuni jamani," akarudia. "Shukeni mpumzike."

"Tumekaribia," Shangazi Mwanakombo akajibu, akaurekebisha mto wake.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Niliwapangia namna ya kupanda tu. Wakishuka, springi zinaruka, kabati linakwenda nalo. Na kabati kushushwa kwanza haiwezekani, kwa desturi ya kule vyombo havigusiki mpaka wasindikizaji wameshuka na kukaribishwa ndani. Mama alikuwa kanishika paja, kucha zimeingia.

Shangazi za bwana harusi wakaanza kunong'onezana. Bibi harusi kwetu hafunuliwi uso mpaka kitoke kipamkono, yaani zawadi ya kumfunua, kila mtu anajua, na mlango haufunguliwi bure siku ya harusi. Nikamsikia mmoja anasema, "Hawa wa mjini wana lao. Wanataka kushushwa." Mwingine akaingia ndani mbio. Akarudi na doti tano za kanga mpya, akawagawia.

Shangazi Mwanakombo akaipokea ya kwake, akaipeleka puani, akaisifu, akaikunja vizuri, akaikalia. Akabaki pale pale.

Wakaleta madafu. Wakanywa. Ikaja halua kwenye sinia, wakala, wakarudisha sinia. Mmoja wa mashoga wa Mama akauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna udi. Ukaletwa udi, wakafukizwa humo humo ndani ya pikapu, moshi ukapanda kama gari linaungua. Mama Leticia alikuwa amefumba macho na kubana magoti, watu wa Kigombe wakidhani anaomba dua.

Lakini uso wa Mzee Sadalla ulikuwa unabadilika. Alimwendea nduguye, nikasikia: "Huu sasa ni utani au hawataki kumtoa binti yao?"

Nikajua ikifika hapo imekwisha. Na kusema hadharani kwamba gari letu bovu, Mama angekufa palepale. Nikashuka, mimi nilikuwa mbele, uzito wangu haukuhusika. Nikamwendea mzee, nikamwamkia, nikamnong'oneza yote, tangu tani moja na nusu mpaka ting.

Mzee Sadalla akanisikiliza bila kupepesa jicho. Kumbe ujana wake wote aliendesha lori la mashamba ya mkonge. Akainua kanzu kidogo, akainama, akachungulia chini ya pikapu. Akakaa huko muda.

"Vya Fuso," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nani alisema tani moja na nusu?"

Nikamtazama Sabiri. Sabiri alikuwa anaangalia minazi.

Mzee Sadalla akanyanyuka, akajikung'uta magoti, akageukia umati kwa uso mkavu kama wa kadhi.

"Jamani, nimeelezwa," akasema kwa sauti. "Wenzetu wana mila. Mwanamke wao hashuki garini mpaka mwanamume wa upande wetu akae mahali pake. Ni heshima. Vijana, njooni."

Wakaja wengi, wanasukumana, kila mmoja anataka heshima. Akashuka kwanza Mama Leticia, wakati huo huo akapanda kijana mmoja mpana, na Mama Leticia hakusubiri kukaribishwa, alikata uwanja moja kwa moja nyuma ya nyumba. Wakashuka na wale watatu, mmoja chini, mmoja juu, mzee akiwapima vijana kwa jicho kama anayechagua mbuzi. Kabati kimya. Ikabaki zamu ya Shangazi Mwanakombo. Mzee akamtazama kwa heshima zote.

"Hapa wawili," akasema.

"Wawili tu?" Shangazi akauliza. "Na wembamba hivyo? Mzee, mimi ni dada wa baba yake bibi harusi."

Wakapandishwa watatu. Akashuka polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, mkono bado kaushikilia ubao wa gari mpaka alipohakikisha. Pikapu ikatikisika kidogo tu, kama inayowaza, ikatulia.

Ndipo kabati likafunguliwa kamba, wanaume wanne wakalipokea ubavuni, wakaliingiza ndani hatua kwa hatua. Mama alilifuata nyuma, mikono mbele kama anayefundisha mtoto kutembea. Akalifungua. Akapitisha kidole kioo baada ya kioo, rafu baada ya rafu. Mle chumbani hakuna aliyekohoa. Alipofika rafu ya mwisho, akafunga, akarudisha ufunguo shingoni, akamgeukia shangazi mkubwa wa Tahiri.

"Siku ya harusi," akamwuliza, "mimi mtaniweka kiti gani?"

Nikatoka nje nimpigie Zuwena simu. Sikumaliza hata kumwambia, alishaanza kulia tena, ila hiki kilikuwa kilio kingine.

Huku nje tuliwasahau wale vijana saba. Walikuwa bado wamekaa kwenye pikapu kwa heshima, mikono magotini, wanasubiri kuambiwa. Mzee Sadalla akawaambia sasa basi, shukeni, na vijana ni vijana, wakaruka wote kwa pamoja. Aliyechelewa nusu sekunde tulimwokota kwenye mchanga wa uwanjani, hajaumia, ila kofia yake waliiona kesho yake juu ya paa la jikoni.

Mwaka uliofuata familia nyingine ya Tanga, hata hatuwafahamu vizuri, ilimwozesha binti yao Kigombe. Walikwenda na vyombo kwa Coaster mpya, laini. Wanasema walipofika walikuta wanaume kumi na watatu wamejipanga pembeni ya barabara, wamevaa kanzu, wanadai kupanda. Wasindikizaji hawakuelewa kitu, lakini waliona aibu kuuliza, wakakubali.

Waliporudi mjini wakamfuata Shangazi Mwanakombo, kwa kuwa ndiye mkubwa, wakamwuliza mila ile ilianza lini.

Shangazi akasema yeye aliikuta.